Moto wa Mwezi wa Kumi Huzimwa Mwezi wa Tano

Kiangazi kikikolea, mbiu hupigwa: msitu unaungua. Watu huacha majembe na masufuria yao, hukata matawi mabichi njiani na kukimbilia kwenye moshi. Ujasiri huo si wa kubezwa. Ila wewe unayetaka kuutolea msitu siku zako kadhaa kwa mwaka bila malipo, jambo la kwanza la kuambiwa ni hili: siku ya mbiu ndiyo siku ambayo msaada wako una thamani ndogo kuliko zote. Umechelewa. Asubuhi moja ya kufyeka na kukwatua mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na ubichi na hakuna anayekukimbiza, huufaa msitu kuliko usiku mzima wa kupiga moto kwa tawi mwezi wa kumi, na wewe mwenyewe unarudi nyumbani na nyusi zako. Maelezo yanayofuata ni ya kwa nini iko hivyo, na ya namna ya kuifanya kazi hiyo ya mwezi wa tano bila kugombana na serikali ya kijiji wala kuunguza shamba la mtu.

Moto unataka vitu vitatu: joto la kuuwasha, hewa ya kuupulizia na chakula cha kula. Hewa hatuna la kuifanya. Joto hupunguzwa kwa maji, lakini katikati ya pori la Liwale maji yatoke wapi? Kinachobaki mikononi mwetu ni chakula: nyasi zilizokauka, majani yaliyopukutika, vijiti, magogo, matawi yaliyoachwa na wapasua mbao. Mwaka 1959 Mmarekani George Byram aliliweka jambo hili katika hesabu ambayo wataalamu wa moto wa misitu wanaitumia mpaka leo. Ukali wa ukingo wa moto, alisema, ni zao la mambo matatu: joto linalotoka katika kila kilo ya chakula, uzito wa chakula kinachoungua katika kila mita ya mraba, na kasi ya moto kusonga mbele. La kwanza halibadiliki sana, nyasi ni nyasi. Kasi imeshikwa na upepo na mwinuko. Mlimani, kila mwinuko unapozidi kwa nyuzi 10, moto unaopanda hukadiriwa kwenda mara mbili ya kasi ya awali. Uzito wa chakula ndio pekee ambao mtu mwenye panga na reki anaweza kuupunguza nusu, na akishaupunguza nusu, ukali nao unashuka nusu au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama moto unazimika au hauzimiki. Ndimi za moto zikiwa chini ya mita 1.2, yaani hazijafika kifua cha mtu mzima, watu wenye zana za mkono wanaweza kuukabili uso kwa uso. Zikipita hapo, joto linawafukuza kabla tawi halijafika. Nyasi za miombo zinazomfunika mtu kichwa, zikiwa kavu na upepo unavuma, hutoa ndimi zinazokipita kipimo hicho kwa mbali sana. Hapo matawi mia hayana tofauti na tawi moja.

Mfano ambao wengi wanaukumbuka ni Kilimanjaro. Moto ulioanza tarehe 11 Oktoba 2020 eneo la Whona, kati ya vituo vya Mandara na Horombo, uliwakusanya askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa vyuo na mamia ya wananchi. Walipanda kwa miguu na kuukabili moto kwenye baridi ya mlimani, na pamoja na hayo karibu kilomita za mraba 95 ziliteketea. Kasoro haikuwa ya watu. Vichaka vya erika vya ukanda ule hushika moto hata vikiwa vibichi, na upepo wa mlimani haukai upande mmoja. Hasara yake pia si ya mandhari tu. Mtafiti Andreas Hemp, aliyeuchunguza uoto wa Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2005 hoja ambayo ingestahili kusomwa katika kila shule ya wilaya za Rombo na Hai: moto unaousukuma msitu wa juu kurudi chini unaunyima mlima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa theluji ya kilele cha Kibo, kwa sababu miti ile ndiyo inayoukamua ukungu na kuufanya maji. Theluji ndiyo inayopigwa picha, msitu wa ukungu haupigwi.

Basi chakula kipunguzwe kwa njia gani? Kwenye misitu ya miombo, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania, kuanzia Kilwa na Liwale hadi Tabora na Katavi, jibu huwashtua wengi: kichomwe, mapema. Waswahili husema dawa ya moto ni moto, na aghalabu anayesema hivyo ana kisasi moyoni. Msituni msemo huo hauna fumbo. Ushahidi wake mkongwe uko Ndola, katika Zambia ya leo, ambako majaribio yalianza mwaka 1933 na matokeo yake kuchapishwa na C. G. Trapnell mwaka 1959. Vipande vya miombo viligawanywa: vingine vilichomwa kila mwaka mvua zilipoisha tu, vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, na vingine vilikingwa visiguswe na moto kabisa. Vile vya mwisho wa kiangazi viligeuka taratibu kuwa nyika, maana miti mikubwa ilikufa na machipukizi yalirudishwa chini kila mwaka. Vile vilivyochomwa mapema vilibaki misitu. Vile vilivyokingwa vilifunga zaidi, na miti ya misitu ya kijani kibichi ikaanza kujipenyeza.

Msomaji makini atanikamata hapo: kumbe bora kuliko yote ni kutochoma kabisa, sasa mbona unatushauri kuchoma? Hoja ni nzito, na jibu lake halimo katika mimea bali katika watu. Kipande cha majaribio hulindwa na watumishi wanaolipwa, kina mipaka iliyosafishwa, na hakuna njia ya mtu inayokikatiza. Msitu wa kijiji wenye maelfu ya hekta unapitiwa na warina asali, wawindaji wa ndezi, wachoma mkaa, wafugaji wanaotaka nyasi changa, wakulima wanaoandaa mashamba, na mvutaji sigara mmoja mmoja. Moto utakuja. Ukiuzuia miaka mitatu, wa mwaka wa nne utakula chakula cha miaka yote minne kwa mkupuo, na utakuja mwezi wa kumi, siku yenye upepo. Uchaguzi wetu ni kati ya moto tuliouchagulia siku na moto uliojichagulia wenyewe. Siku kijiji kitakapoweza kulinda msitu wake kama kile kipande cha Ndola, nitakuwa wa kwanza kuzika kiberiti.

Lakini kabla hujakishika kiberiti hicho, hakikisha uko kwenye msitu unaostahimili moto. Udzungwa, Uluguru, Usambara, msitu wa mlima Kenya, vichaka vizito vya pwani, na ukanda wa miti kandokando ya mto wowote, havichomwi, si mapema wala si baadaye. Miti yake mingi ina gome jembamba na haijazoea moto; ikiungua, mahali pake huingia magugu na kangaga, ambayo nayo yakikauka huwa chakula cha moto unaofuata, na hivyo msitu huliwa kutoka ukingoni kuelekea ndani, mita chache kila mwaka. Kama una shaka, tazama chini. Ukiona nyasi zimeota kati ya miti na jua linafika ardhini, moto umeshapita hapo mara nyingi kabla yako. Ukiona kivuli kizito na majani yanayooza ambayo ukiyashika yanakulowanisha vidole, kazi yako hapo ni kusafisha ukingo unaotenganisha msitu na mashamba, basi.

Suala la ruhusa si urasimu wa bure. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ya Tanzania inataka mtu awe na kibali kabla ya kuwasha moto porini, na mtu wa kuanza naye ni Kamati ya Maliasili ya Kijiji, kupitia kwa mwenyekiti au mtendaji. Kamati hiyo ndiyo inayojua msitu wa hifadhi wa kijiji unaanzia wapi, mzinga wa nani umetundikwa wapi, na nani hana simu na anapaswa kufuatwa kwa miguu kuambiwa siku ya kuchoma. Nchini Kenya mlango ni chama cha jamii cha msitu husika, ambacho sheria ya mwaka 2016 inakitambua kama mshirika wa Shirika la Huduma za Misitu. Usiende na mpango ulioandikwa mjini. Nenda uulize mwaka jana moto ulitokea upande gani na ulisimama wapi. Wazee wa kamati wanaweza kukutajia mpaka mti. Ukitoka chuoni au mjini, kinachokosekana kijijini mara nyingi ni usafiri, reki imara, bomba la mgongoni, chakula cha mchana na mtu wa kuchora ramani kwa simu. Kiberiti wanacho.

Na lile swali la kwa nini mtu afanye kazi hii bure wakati kuna Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na watumishi wa halmashauri? Wanaouliza hivyo wana sehemu ya haki. Kazi ya ulinzi wa kila siku isigeuzwe kuwa ya kujitolea ili mtu fulani ofisini aokoe bajeti. Doria za kijiji zilipwe kutokana na mapato ya msitu. Lakini msitu wa kijiji ni mali ya kijiji, si ya TFS, na mwenye shamba hapalilii kwa kumsubiri bwana shamba. Pale Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 uthibitisho wa kimataifa wa FSC, wa usimamizi bora wa misitu, kupitia cheti cha pamoja kinachosimamiwa na shirika la uhifadhi la MCDI, na shirika hilo limekuwa likifanya kazi ya kuchoma mapema pamoja na vijiji vya wilaya hiyo. Mpingo mmoja unaopasuliwa kihalali una fedha ya kijiji ndani yake, na mpingo ulioliwa moyo baada ya kujeruhiwa na moto shinani hauna. Anayefyeka kuulinda anafanya kazi ya malipo yanayochelewa. Nadhani tatizo letu kubwa zaidi ni posho: semina zimetuzoesha kwamba kukaa na kusikiliza habari za msitu kuna bahasha, ilhali kuufanyia kazi hakuna.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ya kwanza ni njia ya moto, na hiyo ianze mvua zikielekea kukatika, ardhi ikiwa bado laini. Usikate njia mpya ya kunyooka katikati ya msitu ili ipendeze kwenye ramani. Tumia vizuizi vilivyopo: njia ya miguu, barabara ya magogo, korongo, shamba la mihogo lililopaliliwa, kisha unganisha mapengo. Mtindo unaofaa kwa watu wachache ni kukwatua mistari miwili sambamba, kila mmoja upana wa mita mbili hivi, yenye nafasi ya mita tano hadi kumi kati yake. Nyasi za katikati huachwa zikauke kidogo, kisha huchomwa zikiwa zimebanwa pande zote mbili. Hapo unapata ukanda mpana kwa jasho la myembamba miwili. Fyeka kwanza, piga reki, kisha jembe mpaka udongo uonekane. Mstari wenye mabaki ya majani makavu ni utambi. Usirundike takataka ukingoni maana utakuwa umejenga jiko kando ya ukuta, zitawanye mbali. Gogo linalokatiza mstari ni daraja, likatwe na kusukumwa. Mti mkavu uliosimama karibu na njia ni mbaya kuliko unavyodhani, maana ukishika moto hurusha cheche kutoka juu, ng'ambo ya kila ulichokisafisha. Na kama tembo au ng'ombe hupita hapo, ondoa mavi yao makavu kwenye mstari. Hushika moto bila kuonyesha ndimi, hukaa yakifuka saa nyingi, na usiku upepo ukiyapuliza huuvusha moto wakati ninyi mmeshalala.

Kazi ya pili ni kuchoma kwenyewe, na hapa kipimo ni vidole vyako. Shika shina la nyasi karibu na ardhi ulikunje: likipinda bila kuvunjika huku ncha zake zikiwa zimegeuka manjano na kukatika kwa mlio, wakati umefika. Likivunjika mpaka chini, umechelewa kwa eneo hilo, liache mpaka mwakani na ulizungushie njia ya moto. Kusini mwa Tanzania dirisha hilo huwa kati ya mwezi wa tano na mwanzo wa mwezi wa saba, lakini miaka hailingani na kalenda haijui mvua ilikatika lini. Anza saa kumi alasiri. Jua linashuka, unyevu unapanda, na umande wa usiku utakusaidia kuzima. Anayewasha saa nne asubuhi amejipa saa nane za jua kali la kupambana nalo. Upepo uwe mwepesi na wa upande mmoja, kwa sababu upepo uliotulia kabisa ni upepo ambao bado haujaamua. Washa kijipande kidogo kwanza, ukubwa wa uwanja wa nyumba, utazame moto unavyokwenda. Kisha mmoja atembee kandokando ya njia akiwa na kienge cha nyasi, awashe upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma ukipingana na upepo, ukienda polepole na ndimi zikiwa za goti. Wengine wakae kwenye mstari na vipigio, yaani vipande vya mpira wa gari vilivyopigiliwa misumari kwenye mpini, na mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia dawa, yaliyooshwa vizuri kwanza. Ndimi zikifika kiunoni, kiongozi asiwe na aibu ya kusema leo basi. Na eneo likibaki na viraka vibichi visivyoungua, msirudi kuvimalizia. Viraka ndivyo mlivyokuja kutengeneza: moto wa mwezi wa kumi ukija, utakuta chakula kimekatika hapa na pale, utapungua kimo na huenda ukafa wenyewe.

Wapo wanaopinga kwa ajili ya wanyama, na hawakosei kabisa. Kobe na kinyonga hawana mbio. Jibu ni namna ya kuwasha. Moto wa goti unaokwenda polepole kutoka upande mmoja, alasiri, huacha nafasi ya kukimbia na viraka vya kukimbilia. Moto wa duara, ambao wawindaji huutumia makusudi ili kisitoke kiumbe, ni marufuku kwa kikundi chochote chenye heshima. Piteni kwanza mkipiga kelele, na mkimwona kobe mbebeni. Pingamizi la wafugaji ni la aina nyingine: nyasi changa zitaota mahali palipochomwa na mifugo itajaa humo. Ni kweli, na ni jambo la kukubaliana nao mapema, maana ng'ombe anayekula nyasi kwenye ukanda wa njia ya moto anafanya kazi ile ile ya fyekeo bila kuombwa. Pingamizi zito kuliko yote, kwa maoni yangu, linatoka kwa mninga. Mche wa mninga hukauka juu na kuchipua tena mwaka hadi mwaka huku ukijenga mzizi, hadi upate nguvu ya kutoa shina litakaloupita moto kimo. Ukichoma kila mahali kila mwaka, hata mapema, unamrudisha chini kila anapojaribu. Ndiyo sababu kikundi kinapaswa kuwa na mzunguko: kipande kilichochomwa mwaka huu kipumzishwe mwakani, na mahali penye miche mingi pazungushiwe njia na kuachwa miaka kadhaa. Anayekuambia kuchoma mapema ni dawa ya kila mwaka ya kila mahali, ameshika nusu ya somo.

Mashamba ya miti ya kupandwa, kama mipaina ya Mufindi na Njombe, yana kanuni yake, na ni fupi. Usichome chini ya miti michanga. Pogoa matawi ya chini, kwa sababu tawi kavu lililo karibu na ardhi ni ngazi ambayo moto wa nyasi huipanda hadi kileleni, na ukishafika kileleni hakuna wa kuushusha. Kisha yatoe nje matawi uliyoyapogoa. Wengi hupogoa vizuri wakayaacha chini ya mti, na hapo wameishusha ngazi ili igeuke kuwa kuni.

Yote haya yatapungua maana kama hamtaongea na wanaowasha. Mrina asali anayetumia bomba la moshi badala ya kienge huokoa msitu na hupata asali isiyonuka moshi; mnunulieni la kikundi, aazime. Mkulima anayeandaa shamba asaidiwe siku moja kukwatua mpaka wake kabla ya kuchoma, na awe amewaambia jirani zake. Kumkamata na kumtoza faini baada ya msitu kuungua kuna nafasi yake, ila faini haioteshi mti, na anayeogopa faini huwasha na kukimbia, jambo ambalo ndilo baya kuliko kuwasha.

Na mbiu ikipigwa licha ya yote? Kwanza toeni taarifa kwa kamati na kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba 114. Kisha vaeni vizuri. Jezi ya mpira, ambayo ndiyo sare ya vijana wetu kila mahali, huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Shati la pamba la mikono mirefu, suruali ya jinzi na buti za ngozi ni salama zaidi, na mwenye kanga ya pamba ailowanishe ajifunge usoni. Mzima moto wa Marekani, Paul Gleason, mwaka 1991 alipendekeza mambo manne ambayo hakuna kikundi kinachopaswa kuingia kazini bila kuyapanga: mtu mmoja aliyesimama mahali pa kuona moto wote na hana kazi nyingine, njia ya kuwasiliana naye, njia ya kukimbilia inayojulikana na kila mtu, na mahali pa usalama mwisho wa njia hiyo. Mahali hapo mara nyingi ni eneo lililokwisha kuungua, kwa hiyo fanyeni kazi mguu mmoja ukiwa karibu na jivu. Msiuendee moto kutoka juu ya mlima wakati unapanda. Msisimame mbele yake. Uanzeni mkiani, mbane ubavu mmoja baada ya mwingine. Na kama mlifanya kazi yenu mwezi wa tano, mtakuwa na pa kuusubiri: mnarudi nyuma hadi njia ya moto, mnaimarisha mstari, mnauacha uje wenyewe mahali pasipo na chakula.

Moto uliolala bado haujafa. Kesho yake asubuhi watu wawili warudi na panga na bomba, wapite kwenye ukingo wote, hatua thelathini kuelekea ndani. Mgongo wa kiganja, si kiganja, upitishwe juu ya jivu jeupe. Jivu jeupe ndilo lenye joto. Kisiki kinachofuka kichimbuliwe hadi mizizini, kwa maana moto husafiri ndani ya mzizi mkavu ukatokea ng'ambo ya njia baada ya siku mbili au tatu. Warudi tena siku ya tatu. Kisha katibu wa kamati aandike kwenye daftari: tarehe, upepo ulitoka wapi, moto ulianzia kwenye mti gani, ulisimama wapi, na kipande gani kimebaki na nyasi ndefu upande wa mtoni, kile ambacho mwakani, mvua zikikatika, kitaanza kufyekwa kabla ya vyote.